Gauni la Ursula

Kazi yangu ni kuvisha watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika, maana wote walikufa zamani. Naipiga picha michoro myekundu ya kale ya miambani huko Kondoa na Chemba, naiingiza kwenye tableti, kisha wale watu wembamba wenye vichwa vikubwa nawavalisha kanga, suti, hata sare za shule. Waheshimiwa wa mjini wananunua na kutundika sebuleni.

Mwezi uliopita baba alikuja kwangu mjini, Miyuji, kutoka kijijini Kwa Mtoro. Alizitazama picha zangu mchana kutwa. Jioni akasema, "Devota mwanangu, nichoree mama yako. Sura yake inanitoka. Juzi nimemtafuta kichwani nikamkosa."

Nilipandwa na hasira. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu. Picha yake ilikuwa moja tu, ya harusi, wamesimama wawili, na baba mwenyewe ndiye aliyeiweka ndani ya jeneza, ati mkewe Ursula asiende peke yake. Mimi nikabaki mikono mitupu. Sikuwahi kumsamehe kwa hilo.

"Nitamtoa wapi, baba? Mimi simjui."

"Nitakuelekeza."

Tukaanza. Nikachora macho, akasema si yake. Nikachora pua, akasema hiyo ni ya shangazi Loisi. Kila uso aliukataa, na kila akikataa sauti yake ilizidi kufifia. Nilipomwona anafumba macho kumtafuta tena, hasira yote ikaniisha, nikabaki na huruma tu.

"Basi tuache sura. Niambie alivyosimama siku ya harusi."

Hapo maneno yakamjia. Gauni waliliazima kwa masista, refu kuliko yeye, akawa amelipandisha kwa mkono wa kushoto lisiburute vumbini. Bega moja lilikuwa juu. Kichwa alikiinamisha kwa sababu alikuwa anajizuia kucheka.

Nikamchukua mmoja wa wale watu wekundu, nikampinda shingo, nikampandisha bega, nikamvisha gauni jeupe na kumshikisha pindo. Uso niliuacha kama ulivyo mwambani, mwekundu mtupu.

Baba aliinama karibu kabisa na kioo cha tableti.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Anataka kucheka."

Machozi yakamtoka. Akanyoosha kidole amguse shavuni, picha ikateleza, ikatoka nje ya kioo, pakabaki peupe.

Akanigeukia kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

"Nimempoteza tena, mwanangu?"

"Hapana, baba. Yupo."

Nikamrudisha mama mahali pake. Nikamshika baba kidole nimfundishe namna ya kumgusa asiondoke. Alikataa. Aliiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia, akamtazama mkewe hivyo hivyo mpaka tableti ikaisha chaji.