Chuma Chini ya Kitanda

Mtu kumwonea wivu mtu, hilo linaeleweka. Lakini Muhamad, fundi wa magari wa Bugembe, alikionea wivu kipande cha chuma kilichofungwa kwa leso na kulazwa chini ya kitanda chake mwenyewe, upande wa mkewe.

Kilikuwa shafti ya gari aina ya Morris, ule mti wa chuma unaoshuka kutoka kwenye usukani kwenda kugeuza magurudumu. Hajara alikuja nayo kutoka Mbale alipoolewa, mwaka uliofuata vita vya 1979, akaomba jambo moja tu: isiguswe. Muhamad hakuwa na la kuuliza. Habari za Mafabi, mume wa kwanza, zilikuwa zimefika mpaka Jinja. Wanajeshi walioshindwa walipokuwa wakikimbia na kunyang'anya kila chenye magurudumu, madereva walichomoa shafti wakazificha, ili magari yasiendeshwe. Mafabi, walisema watu, alimkabidhi mkewe shafti yake, akapigwa mpaka akafa bila kusema ilipo, na wanajeshi kwa hasira wakamsukumia mtoni pamoja na gari lake. Na Muhamad siku hizo alikuwa wapi? Masese, ufukweni mwa ziwa, chini ya mtumbwi uliopinduliwa, akinuka samaki. Utashindana vipi na marehemu wa namna hiyo?

Kulikuwa na jingine. Muhamad naye alikuwa na Morris, teksi yake, ndiyo iliyomlisha, na Hajara hakuwahi hata mara moja kukaa kiti cha mbele. Siku zote nyuma, kama abiria. "Kile cha mbele bado amemwekea Mafabi," Muhamad alijiambia, na roho ikamuuma vibaya.

Sasa shafti yake yeye ikalika meno. Ukizungusha usukani, gari linaendelea na mambo yake, likipenda ndipo ligeuke. Madukani Jinja rafu zilikuwa tupu, kwa hiyo akapanda basi mpaka Namakwekwe, mtaa wa Mbale, kwa Enos, Mkenya muuza vipuri. Enos alicheka.

"Fundi, shafti ya Morris najua moja tu, ile ya marehemu Mafabi. Nilimwomba mjane wake aniuzie, akanifukuza kama mbwa. Ah, yule alikuwa mwanamume! Siku hizi hawazaliwi."

Muhamad alirudi nyumbani amevimba. Hakusalimia. Aliingia chumbani moja kwa moja, akaliburuta lile furushi kutoka uvunguni. Hajara akasimama mlangoni.

"Hiyo, hapana," alisema. "Uza hata kitanda. Hiyo wacha."

"Gari inalala, tunakufa njaa, na wewe unachunga chuma ya bwana yako! Uliolewa na mimi ama na hii?"

Akaifungua leso kwa nguvu, akafuta grisi kwa shati lake, na kidole kikaenda kwenye meno chenyewe, kama kidole cha fundi kinavyokwenda. Kikateleza. Hapakuwa na meno. Shafti ilikuwa laini kama mwiko, mbovu kuliko yake. Furaha chafu ikamjaa moyoni: kumbe shujaa alikufia chuma cha kutupa! Akafungua mdomo amwambie. Hajara akamtangulia.

"Najua imekwisha. Hakuna mtu alimpiga Mafabi. Tulikuwa tunakimbia, mimi niko mbele na yeye. Kila siku namwambia, hii stelingi inacheza, anasema kesho. Kwa kona gari ikakataa kugeuka, tukaingia mtoni. Hii ilichomoka na usukani, nikatoka nayo mkononi. Watu wakaiona, wakajisemea yao, mama yake akapata kitu cha kumtuliza. Mimi ningesema nini?"

"Kwa nini hukutupa?"

"Na shida hii ya spea? Mtu angeokota, aweke kwa gari yake. Na huyo mtu, Muhamad, leo ni wewe."

Muhamad alikaa kitandani, aibu imemshika.

Kesho yake alimpelekea mkereza vyuma mmoja wa Jinja shafti zote mbili. Ya Mafabi ilikatwa vipande. Yake ikawa kipimo cha mpya. Muhamad aliifunga ile mpya garini, Hajara akiwa amesimama pale: akaishusha, akaisukuma mpaka meno yakaumana, akakaza bolti, akarudisha usukani. "Shika," alisema. Hajara aliusogeza kidogo tu, na magurudumu yakasogea kidogo vilevile. Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa.

Walikwenda Mbale kumjulia hali mama yake Mafabi. Bibi alimpokea Muhamad vizuri, akamtazama mikono.

"Wewe ni fundi, mwanangu. Mafabi wangu alikufa na siri ya shafti yake. Wewe ungeweza?"

Wivu ulimpanda tena. Neno moja tu, na Mafabi angeanguka chini mbele ya mama yake. Hajara alikuwa ameinama, birika mkononi.

"Hapana, mama," Muhamad alisema. "Kama yeye, hapana."

Hajara akammiminia chai, akakijaza kikombe mpaka kikamwagika.