Nafasi ya Mjukuu

Asubuhi hiyo Bi Linganisha alikuwa mezani kwake ofisini, akipangusa flopi kwa kitambaa cha miwani huku chai yake ikipoa. Mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa, kwa hiyo kiti alikisogeza nyuma na vitu akavifikia kwa kunyoosha mikono. Mbele yake, juu ya taulo, alikuwa amelaza tepu, sidii, flashi na diski ya kompyuta, na kazi aliyopewa ilikuwa kuandika ripoti ya chombo gani kinatunza watu vizuri kuliko vingine. Maana ofisi ile ilitunza watu. Kila mkazi wa mji aliandikishwa pale akiwa mtoto, kwenye chombo chochote kilichokuwepo kabatini mwaka ule, kisha akaishi maisha yake yote kwa tabia ya chombo hicho.

Watu wa tepu, kwa mfano, walikuwa na kumbukumbu ndefu isiyokwisha, ila kuruka hawawezi. Jirani yake Bi Linganisha alikuwa fundi saa mstaafu, mtu wa tepu. Ukimuuliza kama maji ya bomba yametoka leo, lazima aanzie siku alipoota jino la kwanza, apitie shule, apitie posa iliyokataliwa na posa iliyokubaliwa, ndipo afike bombani. Alikuwa mkweli kabisa, lakini wenye haraka walikwenda kulitazama bomba wenyewe.

Watu wa sidii waliandikwa mara moja, basi. Walimeremeta juani, wakapendeza, lakini walichokijua siku ile ndicho wanachokijua mpaka leo. Aliyekwaruzika alirudia sentensi moja mpaka mtu amguse bega, na wengi wa hao walipata kazi ya usemaji wa serikali. Watu wa flashi walikuwa wepesi na wacheshi, wanapendwa kila mahali, na kila mahali wanasahauliwa kwenye viti. Hao ilibidi waagwe vizuri kabla ya kuondoka. Mumewe Bi Linganisha alikuwa wa flashi, na kuna siku alitoka msibani bila kuaga wala kuagwa. Kufika nyumbani, hajui tena kupiga mluzi. Tangu hapo mkewe humsindikiza hadi mlangoni na kumuaga kila anapotoka, hata akienda kununua kiberiti.

Wachache wenye jina walikuwa wamehamia winguni. Hao walijua kila kitu mpaka mtandao ukatike, na ukikatika walisimama kwenye korido midomo wazi, hata majina ya wake zao hawayajui. Aliye juu mngoje chini, walisema wafagizi, wakapitisha fagio pembeni ya viatu vyao.

Mama yake Bi Linganisha alikuwa mtu wa flopi. Flopi haina makuu, ila nafasi yake ni ya kubania, na ya mama ilijaa zamani. Kila jipya lilipotaka kuingia, ilibidi la zamani litoke, na alichagua mwenyewe, kama mtu anayepunguza vyombo kabla ya kuhamia chumba kidogo. Alipojifunza kutumia simu alitoa ladha ya sukari. Alipopata shinikizo la damu na kupewa vidonge vya kukumbuka kumeza kila siku, alitoa sura ya marehemu mumewe.

"Sura niliitazama sana wakati wake," alimwambia binti yake. "Jina nimebaki nalo, linatosha."

Sasa mjukuu alikuwa njiani. Mama alishaanza kupekua ndani mwake, akikaa barazani na macho ameyafumba, akigusa hiki na kile. Bi Linganisha alimsihi asitoe kitu. Alimweleza kwamba ofisi imenunua diski kubwa, yenye nafasi ya kumeza mji mzima na watu wake wakabaki na pa kunyooshea miguu, na kwamba ripoti yake itasema wazi watu wa flopi wahamishwe wa kwanza. Mama alimuuliza itachukua muda gani. Bi Linganisha alisema muda si mrefu, naye aliamini alichosema, maskini.

Ripoti ilikuwa nzuri. Mkurugenzi aliisoma akiwa watatu. Kanuni ya ofisi ilisema mtu muhimu atunzwe kwa nakala tatu, isije moja ikaharibika, hivyo kulikuwa na mkurugenzi wa kusafiri, mkurugenzi wa vikao na mkurugenzi wa kupumzika. Siku hiyo walikaa wote watatu upande mmoja wa meza, akidi ikatimia, wakakubaliana kwa kauli moja. Bi Linganisha alitoka pale amefurahi mpaka mtoto akageuka tumboni.

Diski kubwa ikazinduliwa. Utepe ulikatwa mara tatu, na kila mkurugenzi akasoma hotuba ileile kwa furaha yake. Wapiga picha waliirekodi sherehe kutoka mbele, nyuma, juu ya ngazi na chini ya meza, na picha zote, kwa kuwa zilikuwa za watu muhimu, zilitunzwa kwa nakala tatu kwenye diski yenyewe. Bi Linganisha alipokwenda kwa fundi mitambo na flopi ya mama yake mfukoni, fundi alibonyeza bonyeza, akakuna kichwa, akamwambia pamejaa.

Alipanda ghorofani kwa mkurugenzi wa vikao. Alimweleza kwamba mama yake si mzigo, hata robo ya hotuba moja hafiki, na kwamba ikifutwa nakala moja tu ya sherehe watapata nafasi watu wote wa flopi mjini. Mkurugenzi alimkaribisha kiti, akamsikiliza vizuri sana.

"Sherehe ni historia, binti yangu," alisema. "Historia haifutwi."

"Na mama yangu?"

"Mama yako ni mama yako. Mungu amweke."

Aliahidi kulipeleka suala hilo kwa yule wa kupumzika. Bi Linganisha alishuka ngazi ameshika ukuta, na kwenye ngazi ileile uchungu ukamshika.

Alijifungua salama mtoto wa kike. Ofisini walimtumia kadi ya pongezi yenye sahihi tatu, wakamjulisha kuwa ripoti yake imependwa mno na imeingizwa kwenye diski kubwa, nakala tatu, baada ya kuzibananisha picha za sherehe kidogo. Aliruhusiwa kurudi nyumbani mchana. Mumewe alibeba mabegi, yeye akambeba mtoto.

Mama alikuwa barazani. Alinyanyuka upesi, akampokea mtoto, akamfunua uso, akamtaja jina lote la ukoo bila kukosea. Alijua uzito wake, alijua alivyopiga chafya mara tu alipozaliwa, kwa kuwa mkwewe alimsimulia kwenye simu. Kila kitu cha mtoto kilikuwa na mahali pake ndani yake. Alimkumbatia, akacheka, halafu akamwinulia macho Bi Linganisha, macho ya upole, ya kumkaribisha mgeni.

"Karibu, mwanangu. Umekuja naye wewe?"

Bi Linganisha alikaa kwenye ukingo wa baraza, akamuuliza mama alipata wapi nafasi yote hiyo.

"Vidogo vidogo vilikuwa vimekwisha," mama alisema, akimpapasa mtoto mgongoni. "Kilibaki kimoja kikubwa. Sikumbuki kilikuwa nini. Najua tu kilikuwa kizito kutoka, nililia kutwa nzima."

Mumewe alitaka kusema neno, Bi Linganisha akamzuia kwa mkono. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Mimi ndiye mama wa mtoto," alisema.

"Hongera sana. Mama yako anajivunia, bila shaka."

"Anajivunia," alisema Bi Linganisha. Mtoto akaanza kulia, naye akampokea, akamnyonyesha.