Kibali cha Njia

"Imeganda tena?" Mzee Yeremia aliuliza.

"Bado, baba. Inafikiri."

Asnath alidanganya. Ilikuwa imeganda kabisa. Akazima, akawasha upya. Kompyuta hiyo ya parokia, pale Itigi, ilitumia Linux, na mchezo wa kuendesha treni alioletewa na kaka yake kutoka Dar ulitengenezwa kwa Windows tu. Tangu Kwaresima alikuwa akikibembeleza kiprogramu kiitwacho Wine, kinachoufanya mchezo wa namna hiyo ujione uko kwao. Siku nyingine ulifunguka bila sauti. Siku nyingine reli zilielea angani, treni ikibaki chini.

Lakini leo ndiyo leo. Baba yake alikuwa dereva wa treni, na tangu apunguzwe kazini alishinda nyuma ya nyumba, reli kaipa mgongo, chakula akikionja tu. Honi ikilia, anaingia ndani. Kumtoa pale hadi ofisi ya parokia kulimgharimu Asnath machozi, machozi ya kweli, na alijua mzee hatakubali kuitwa mara ya pili.

Kioo kikawa cheusi. Kisha, taratibu, zikatokea reli, jukwaa la stesheni, na mbele taa ya kijani.

"Twende, baba! Hapa unaongeza moto, hapa ni breki."

Mzee akasogeza kiti, akaweka mikono mapajani.

"Baba, kijani hiyo! Mchezo ukikaa bila kuguswa unaganda, na sijui kama utafunguka tena."

"Taa naiona. Kibali cha njia kiko wapi?"

"Kibali gani, baba? Huu ni mchezo."

"Njia ni moja. Nikikutana na mwenzangu huko mbele? Sijawahi kuondoka stesheni bila karatasi ya stesheni masta mkononi. Sianzi leo."

Asnath alitamani kucheka, akatamani kulia. Akachana karatasi, akaandika haraka, akampa. Mzee hata hakuitazama.

"Wewe umekuwa stesheni masta tangu lini?"

Asnath akatoka mbio. Akavuka reli hadi kwa Mzee Mazengo, aliyekuwa stesheni masta, naye kapunguzwa pamoja na baba yake, sasa anauza asali. Alimweleza huku akihema, hata shikamoo ikaja mwishoni. Mazengo hakucheka. Alifunika ndoo, akachomekea shati vizuri, akamfuata kwa mwendo wa mtu mwenye cheo, Asnath nusura amburute.

Mchezo ulikuwa bado hai. Kwenye kioo, bendera ya stesheni ile ya ugenini ilikuwa inapepea.

Mazengo akaandika kibali, akasimama kulia kwa kiti, akamkabidhi Yeremia. "Dereva. Njia safi hadi stesheni ya Kitaraka."

"Hadi Kitaraka," Yeremia akajibu. Akaisoma karatasi yote, akaikunja, akaitia mfukoni. Kidole kikatafuta kitufe. Treni ikashtuka, ikaanza kusogea.

Asnath alikikodolea macho kioo, akimwomba Mungu kisigande. Kwa hiyo alichelewa kumwona baba yake akiinama ubavuni mwa kiti na kugeuka kutazama nyuma, kama madereva wafanyavyo kuhakikisha mabehewa yote yanafuata. Kule nyuma, Mazengo alikuwa amerudi hadi ukutani, amesimama wima, mkono juu, kama stesheni masta anayeaga treni.