Mkono wa Pili wa Protini

Friji la fuwele liliharibika Jumamosi, na hakuna aliyejua mpaka Jumatatu asubuhi, pale yule mwanamke waliyemwita Fundi Fuwele alipolifungua akakuta ndani kuna joto kama kabati la nguo. Fuwele za protini, ndogo kuliko punje za chumvi, alikuwa amezilea kwenye baridi kwa miezi mitatu. Mtu mwingine angezitupa. Yeye alikuwa bahili wa kazi yake. Akachagua zilizosalimika, akazipiga eksirei hivyo hivyo na joto lake, na Jumanne saa nne asubuhi picha ikatokea kwenye kompyuta.

Protini ile ni mlinzi. Kila punje ya hindi ina jeni za kuiamsha iote, na mlinzi huyo huzikalia, ameushika uzi wa DNA kwa mikono miwili, mpaka punje ikomae, ikauke, ipandwe. Akiachia mapema, punje ikipata maji huota hapo hapo kwenye gunzi, juu ya bua. Maabara ilikuwa imebadilisha kiungo kimoja tu cha mlinzi, ili mbegu zikipandwa ziamke kwa pamoja. Mwaka jana kamati ya mbegu iliuliza swali moja la maana: je, bado anashika barabara? Fundi Fuwele akajibu kwa picha ya fuwele za baridi.

Na picha hiyo ilikuwa na uongo ndani yake. Mkono wa kwanza ulionekana wazi, kiungo kwa kiungo. Wa pili ulikuwa ukungu mtupu, maana kitu kinachotikisika hakipigiki picha. Desturi ya kazi ni kuacha pengo na kuandika kwamba hapaonekani. Lakini alikuwa amechoka, Mkuu wa maabara alikuwa akimharakisha, na kila mtu wa fani ile alijua mkono huo hukaa wapi. Akauchora pale unapopaswa kuwa. Unapopaswa! Neno hilo limewaponza wasomi wengi kuliko ujinga. Picha ikapendeza, kamati ikapiga makofi, mbegu zikagawiwa kwa kaya kumi na saba za majaribio. Kiongozi wa kaya hizo alikuwa dada yake, toka nitoke.

Sasa, kwenye picha ya Jumanne, iliyopigwa kwa joto la kawaida la mchana, mkono wa pili haukuwepo. Upande ule DNA ilikuwa imekaa wazi, haina mwenyewe. Kilichobaki ni mvua tu.

"Fuwele zilizopikwa kwenye friji bovu," Mkuu alisema, akitazama kioo cha kompyuta bila hata kuketi. "Hiyo ni data au ni uji?"

"Mkono wa pili niliuchora mwenyewe, Mkuu. Mwaka jana. Haukuonekana."

Mkuu akausukuma mlango ukafunga. "Nani mwingine anajua?"

"Sisi wawili."

"Basi rudia. Mara mbili. Ukipata hivyo hivyo, Ijumaa tutaiambia kamati. Kuwakimbilia wakulima na habari nusu ni kuwatisha bure."

Yalikuwa maneno ya busara, na ubaya wake ulikuwa hapo. Fundi Fuwele alitoka ofisini mwepesi, kama aliyepewa likizo. Moyoni alijua hana haja ya kurudia chochote. Alichokitaka ni siku tatu zaidi za kuheshimiwa.

Jumatano mchana dada yake akapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Afadhali wewe, nilidhani maprofesa mmeshasahau salamu. Sikia, mahindi yako yamenona mpaka natembea shambani kwa maringo. Punje zimekomaa, ila bado zina unyevu. Joto la huku si la mchezo, na haya mawingu siyaelewi. Wenzangu wananiuliza, tuvune sasa tukaanike nyumbani, au tuyaache yakaukie shambani?"

Jibu lilikuwa neno moja. Vuneni. Lakini dada angeuliza kwa nini, na dada akishauliza kwa nini hakuachii mpaka akufikishe mwisho.

"Subirini kidogo," akasema. "Mpaka Jumamosi."

"Haya. Wewe ndiye unayeona ndani ya punje. Mama angekuwepo, mtaa mzima usingepumua kwa majigambo yake."

Simu ikakatika. Akarudi kwenye mashine. Jioni hiyo mkono wa pili haukuonekana. Alhamisi adhuhuri haukuonekana tena, na alikuwa bado ameikodolea macho picha hiyo aliposikia matone ya kwanza juu ya bati. Akashika simu. Alipiga mara kumi na moja, na kila mara sauti ile isiyo na haraka ikamwambia kwamba simu hiyo haipatikani.

Ilinyesha mvua ya uvuguvugu, siku mbili mfululizo. Maji yakafunga barabara, na Ijumaa kamati haikukaa. Jumapili akapata gari la kwanza.

Shamba lilikuwa limesimama, zuri, majani yakimetameta, na uzuri huo ukamtia hofu. Hewa ilinuka utamu uliochacha. Dada yake alikuwa kati ya mistari na hindi mkononi, shikamoo haikuitikiwa. Akalimenya mbele yake. Kati ya punje na punje vilichomoza vichipukizi vya kijani hafifu, vimejikunja kwa kukosa nafasi, na mizizi myeupe, myembamba kama nywele, ilikuwa imepapasa gunzi zima ikitafuta udongo.

"Nimemenya sitini," dada alisema. "Yote hivi. Watoto wanaogopa kuyashika."

"Dada, mbegu ina kasoro. Ile protini..."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema Ijumaa. Mkuu asingemsaliti. Akaiona nafasi hiyo, akaitamani, na aibu ya kuitamani ikamchoma.

"Jumanne."

Midomo ya dada ikacheza, akihesabu siku. "Jumatano nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wangu huu."

"Ndiyo, dada."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliliweka hindi chini polepole. "Kaya nane zilikuwa zimeshaandaa magunia siku ile. Walitaka kuvuna. Niliwazuia mimi. Nikawaapia kwa jina lako."

Majani yakachakacha, na upepo haukuwepo. Watu wa kaya zile walikuwa wanakuja kupitia katikati ya mistari, wanaume kwa wanawake, kila mmoja amekumbatia mahindi yaliyoota. Wakasimama.

Dada akatoka alipokuwa amesimama na mdogo wake, akavuka mstari mmoja wa mahindi, akageuka akiwa upande wao.

"Anza na Jumanne," akasema.