Shingo Isiyoguswa

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na sauti ya kunyamazisha watoto sitini bila kugonga meza. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tabibu wa zahanati, macho kwenye karatasi, akamwambia, "Vumbi la chaki hilo, mwalimu," akampa vidonge vya kumung'unya. Mara ya pili, vidonge vilevile. Mara ya tatu alieleza kwamba hata mkate unamkwama kooni.

"Punguza mawazo," tabibu akasema.

Nyumbani, mumewe aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. "Siku hizi nyumba imetulia," aliwaambia wageni, wakaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, roho ikimchemka.

Mwezi wa nne wa kukwaruza huko, mdogo wake, fundi cherehani, alikuja kumjaribisha gauni. Kola ikagoma kufungwa.

"Dada, umenenepa shingo tu?" alitania. Kisha vidole vikatulia kooni. "Hebu meza mate."

Akameza. Kitu kigumu kama kokwa kikapanda na kushuka.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Mara tatu zote yule tabibu hakukushika hapa?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Masikio yalimwaka moto kwa hasira.

Kesho yake walikwenda hospitali kubwa. Akapigwa altrasaundi, akachomwa sindano ya kutoa chembe za kupima, akangoja wiki mbili. Ilikuwa saratani ya thairoidi, tezi ya mbele ya koo.

"Inatibika," daktari bingwa alisema. "Lakini uvimbe shingoni, sauti kukauka kwa wiki kadhaa, kumeza kwa shida, ni dalili za kuchunguzwa mapema, hata kama huna maumivu."

Walimpasua, wakaitoa tezi. Mshipa mmoja wa sauti ulikuwa umeshaguswa na saratani.

Alipopata nafuu alikwenda zahanati, mumewe nyuma yake. Akasimama mbele ya tabibu, kovu bado jekundu.

"Nishike shingo," alinong'ona.

"Mwalimu, wagonjwa ni wengi…"

"Wote wana shingo. Inua macho uwashike."

Tabibu akainamia karatasi zake.

"Mke wangu, yaishe," mumewe alimwambia mlangoni.

"Yaishe? Nilikuwa nakauka koo, wewe unachekesha wageni!" Sauti ilikatika, akaivuta tena. "Nitasema mimi yakiisha."

Muhula uliofuata alirudi darasani na sauti nusu. Kwa mumewe, alikuwa bado hajasema kwamba yameisha.