Bafle Iliyosema Peke Yake

Mwamvita alikuwa ametandaza vyombo vyote kwenye mkeka, uani kwake Kasongo, na kadiri alivyovitazama ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Bafle, lile sanduku la kutolea sauti, ilikuwa moja tu, tena ndogo. Kando yake kulikuwa na mikseri, betri, miguu ya mikro, vile vipaza sauti, na nyaya zilizojisokota kama matumbo ya mbuzi. Vyote vilitakiwa kuingia kwenye kantini moja, sanduku la bati, na kantini ifungwe nyuma ya pikipiki mpaka Kabambare.

Zamani kazi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake Espoir, aliyekuwa na jenereta na bafle ndefu kuliko mtu. Lakini Espoir alifuata dhahabu, akaondoka na kila kitu ili afungue baa huko machimboni. Nyuma yake alimwachia dada yake wapiga muziki wawili na ahadi waliyokwisha kuitoa ya kupiga kwenye harusi.

"Yaya Mwamvita," alisema Roger, mpiga gita ambaye pia ndiye mwimbaji, naye alimheshimu kama dada mkubwa, "Espoir alikuwa anajaza kamioni nzima. Sisi tutaonekana namna gani mbele ya watu na kisanduku hiki?"

"Wataangalia bafle ao watasikiliza nyimbo?"

"Watu wa harusi? Wanaangalia bafle kwanza."

Mwamvita aliingiza bafle kwenye kantini, mikseri ikakosa nafasi. Akaitoa bafle, akatanguliza betri, kifuniko kikakataa kufunga. Mzee Asani, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akigusagusa vyuma vya likembe yake, kinanda kidogo cha ubao, kwa vidole gumba, alimtazama muda mrefu.

"Papa Asani, niambie. Niache nini?"

"Mie sijui mambo ya umeme, mwanangu. Najua tu likembe iko na sauti ndogo. Gita ikiwa karibu, inaimeza."

Hapo angalau palikuwa na pa kuanzia. Mwamvita aliwakalisha wote wawili uani akaanza kuwahamisha kama viti. Bafle ilipokuwa nyuma yao, mikro zilipiga mluzi mkali, kuku wakatimka. Alipoisogeza mbele mluzi ulinyamaza, lakini likembe ikapotea kabisa. Mwishowe alibana mikro ndogo kwenye ubao wenyewe wa likembe, akamwambia Roger akae upande mwingine na gita lake bila mikro yoyote, kwani gita lile lilikuwa na kifua cha kutosha. Mguu mmoja wa mikro ukabaki nyumbani, na nyaya tatu pamoja nao. Kwa ajili ya kuimba alikwenda dukani kwa Ismaël akaleta mikro isiyo na waya, ambayo sauti yake huruka hewani mpaka kwenye kipokezi kidogo kama kiberiti.

"Inaruka hewani?" Mzee Asani aliuliza. "Na inajuaje njia?"

Mwamvita alicheka. Baadaye alikuja kulikumbuka swali lile, na hakucheka tena.

Kantini ilifunga. Walisafiri kwa pikipiki mbili, Mwamvita akiikumbatia kantini kwenye kila shimo. Penye daraja la magogo walishuka wakaibeba kwa mikono, matope yakiwafika magotini. Walipoingia Kabambare, siku ya pili, alikuwa na hofu ya kuifungua. Hata hivyo kila kitu kilikuwa kizima.

Harusi ilikuwa ya Radjabu, mfanyabiashara kijana, Mwislamu wa asili ya Wamaza, na Estelle, binti wa pale pale Kabambare. Ilifanyika alasiri, uani kwa baba mdogo wa Radjabu, chini ya turubai la buluu. Mwamvita alimaliza kupanga vyombo watu wakiwa bado wanatafuta viti. Nafasi yote waliyochukua wanamuziki haikuzidi kitanda kimoja. Alisikia mtu nyuma yake akinong'ona, "Ni hivi tu?"

Alijua pia, kama wote walivyojua, kwamba kiti kimoja kando ya bibi arusi kilikuwa kitupu. Mama Marie, mama yake Estelle, alikuwa amesema hatakanyaga harusi ya binti yake na Mwislamu. Hakuna aliyelizungumza. Watu walikipita kile kiti kama wanavyopita shimo njiani.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Likembe ilitoka safi, kila chuma na sauti yake, na sauti ya Roger ikatulia juu yake. Wanawake walipiga vigelegele, hata yule aliyenong'ona akasimama kucheza. Roger alipomaliza alizima mikro, akaiweka juu ya kantini, akachukua chupa ya maji.

Hapo bafle ikasema, "Amina. Bwana asifiwe."

Watu walicheka wakidhani ni Roger. Roger mwenyewe alikuwa na maji mdomoni. Akaitazama bafle, kisha akamtazama Mwamvita.

"Nani anataka maombi tena?" bafle iliuliza kwa sauti nzito ya mwanamume. "Njoo, mama. Shika mikro."

Kicheko kilikatika. Mwamvita alichomoa waya wa likembe, lakini ndani ya bafle mtu alikuwa akikohoa kusafisha koo. Aliokota mikro ya Roger akaigeuza huku na huku. Kitaa chake kilikuwa kimezimika. Je, ni redio? Ni simu ya mtu? Bibi mmoja aliyeketi mbele alivuta kiti chake nyuma akitaja majini. Mwamvita akamkumbuka Espoir na bafle zake ndefu, ambazo hazikuwahi kusema peke yao hata siku moja.

"Bwana Yesu," ilisema sauti mpya, ya mwanamke, "mutoto wangu Estelle anaolewa leo."

Estelle aligeuza kichwa polepole, mkono wake bado ndani ya mkono wa Radjabu.

"Mie sikwenda. Niliambia watu sina mutoto tena. Nilisema vile mbele ya majirani, na yee alikuwa anasikia." Sauti ilisimama, ikavuta pumzi. "Bwana, kitenge nilishashona, kiko ku nyumba. Usiku nakifungua, nakifunga tena. Sijui niombe nini. Niombe harusi ivunjike? Ao niombe unipe miguu ya kwenda?"

Wakati huo Mwamvita alikuwa amekigundua kitufe chenyewe kwenye mikseri. Sauti ilikuwa ikipita kwenye njia ya mikro isiyo na waya. Alipokigusa kidogo, ilipungua. Angeweza kuizima. Mambo haya hayakuwa ya kusikilizwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa wa ukoo wa bwana arusi. Lakini kidole chake kilibaki pale pale juu ya kitufe. Akizima, Estelle hatasikia mwisho wake. Asipozima, ni kama amemvua yule mama nguo barabarani. Alipunguza, akaongeza, akapunguza tena.

"Acha!" Estelle alisimama. "Usifunge. Ni mama yangu."

Katika ukimya uliofuata Mwamvita alisikia jambo jingine. Sauti ile ile ilikuwa ikitoka pia nyuma ya nyumba, ng'ambo ya migomba, hafifu lakini kwa maneno yale yale. Kule kulikuwa na chumba cha maombi chenye paa la mabati. Ndipo akaelewa, au akadhani ameelewa. Chumba kile nacho kilikuwa na mikro isiyo na waya, ya aina moja na yao, na kipokezi chake yeye hakikuweza kutofautisha nani ni nani. Kilipokea tu kilichokuja. Na kama sauti ya kule ilifika huku, basi wimbo wa Roger...

"Wametusikia," alimwambia Roger. "Wametusikia vilevile ku bafle yao."

Mama Marie alikuwa amemaliza. Bafle ilitoa mkwaruzo, ikanyamaza. Estelle alikuja mpaka kwenye kantini, akanyoosha mkono.

"Nipe mikro, yaya."

"Kama yao bado imewaka, zitapigana. Sijui kama atakusikia."

"Nipe tu."

Mwamvita aliiwasha, akampa. Estelle aliishika kwa mikono miwili. Pumzi yake tu ndiyo ilisikika uani.

"Mama," alisema, "ni mie. Tumekusikia. Kiti chako kiko." Akamrudishia Mwamvita mikro.

Walingoja. Hakuna aliyejua wanangoja nini. Radjabu alimsimamia mke wake bila kumgusa, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Chakula kilipoa. Hatimaye Mama Marie alitokea penye lango, na kandambili miguuni na Biblia kwapani, macho yamemvimba. Estelle alipiga hatua kumwendea, lakini mama alinyanyua kiganja kumzuia.

"Ni nani aliweka sauti yangu ku bafle?"

Macho yote yalimgeukia Mwamvita.

"Ni mie, mama. Sikujua. Mikro zinafanana."

"Mie nilikuwa naongea na Mungu. Sikuwa naongea na watu."

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

"Ulisikia yote?"

Mwamvita alitamani kudanganya. "Yote."

Mama Marie alimtazama kwa hasira ya kweli. Kisha akampita, akaenda mpaka kwenye kile kiti, akakaa. Hakumkumbatia mtu. Radjabu alipoinama kumsalimu, aliitikia huku akitazama ardhi. Lakini Estelle alipokaa karibu, mama alinyoosha mkono akarekebisha kitambaa kichwani mwa binti yake. Mkono ukashuka, ukabaki begani kwake, umesahaulika.

Baba mdogo wa Radjabu aliashiria muziki uendelee. Roger alikataa kuigusa mikro. "Nikiimba, nitaimbia watu gani? Wa huku ao wa kule?" Kwa hiyo Mwamvita alizima kila kitu. Mzee Asani alishuka kwenye kiti chake, akaketi mkekani karibu na akina mama, akapiga likembe kama anavyoipiga nyumbani. Watu walivuta viti karibu ili wasikie.

Wakati wa kufunga vyombo, Roger alimsaidia kukunja nyaya.

"Yaya, leo tulifanya vizuri ao vibaya?"

Mwamvita alimtazama Mama Marie, aliyekuwa akimlisha binti yake wali kwa mkono na bado amenuna.

"Sijui," alisema. "Kamata upande ule, kifuniko hakifungi."