Sufuria za Shangazi Asiya

Profesa Herménégilde, mwenyekiti wa jopo, alinionya mara mbili kwamba sura ya nne itaniangusha. "Houda, sufuria si mbinu ya utafiti. Iondoe." Sikuiondoa. Mimi ni mkaidi, na ukaidi huo ndio ulionifikisha mwaka wa sita wa udaktari.

Tasnifu yangu ilihusu matangazo ya uongo ya vifo. Unaletewa kwenye simu jina la mtu unayemjua, inna lillahi, na mahali pa kubonyeza ili ujue mazishi ni wapi. Ukibonyeza, matapeli wameshaiteka akaunti yako, na sasa wewe ndiye unayemtangaza marehemu asiyekufa. Sisi Waislamu wa Bujumbura tulinaswa kwa adabu zetu wenyewe: nani atapiga simu nyumbani kwa watu kuuliza kama kweli baba yao amekufa? Ni aibu. Basi tulibonyeza.

Dawa niliyopendekeza katika sura ya nne ilikuwa shangazi yangu. Shangazi Asiya wa Buyenzi ndiye anayetunza sufuria kubwa za msiba, na hakuna chakula cha matanga kinachopikwa kabla hajazitoa. Kumwuliza yeye si aibu. Miaka miwili nilizunguka misikitini na madukani nikifundisha neno moja: kabla hujabonyeza, uliza sufuria.

Siku ya kutetea tasnifu, ukumbini Mutanga Nord, nilikuwa nimeifikia sura hiyo simu zilipoanza kutetemeka. Binamu yangu Laila alisoma yake, akaziba mdomo, kisha akaniletea. Jaffar Nawaf, mfanyabiashara wa Ngagara, ametutoka asubuhi hii. Bonyeza hapa.

Jaffar Nawaf ni baba yangu, na kiti chake kilikuwa bado kitupu.

Sitajifanya shujaa. Nilimpigia, simu imezimwa. Kidole changu, cha mtafiti mzima, kilikuwa tayari kubonyeza. Profesa akauliza kama tuahirishe.

"Naomba dakika moja," nilisema. Nikampigia shangazi, nikaongeza sauti ukumbi mzima usikie.

"Shangazi, sufuria ziko wapi?"

"Iko hapa yote, nimeifunika. Hakuna mutu amekuja kuichukua." Akashusha pumzi. "Watu kumi na mbili wameisha kuniuliza juu ya Jaffar. We ni wa kumi na tatu. Mi nimechoka. Endelea na masomo yako."

Kumi na wawili walikuwa wameuliza kabla yangu. Nililia mbele ya jopo na sikuona haya hata kidogo.

Baba aliingia dakika chache baadaye, kanzu mpya, akakuta watu wote wamemkodolea macho. "Nilizima simu tangu nyumbani, isilie mbele ya maprofesa," alijitetea. "Mbona munaniangalia hivi?" Profesa Herménégilde aliinuka, akaushika mkono wake, akachelewa kuuachia. Saa moja baadaye alisoma uamuzi: alama ya juu kabisa, na sura ya nne ibaki kama ilivyoandikwa.

Jumapili sufuria zilipakiwa kwenye gari kwenda Ngagara kupika pilau yangu. Hazijavuka hata mtaa wa pili, simu ya shangazi ikaanza kulia: Buyenzi nzima inauliza nani amefariki.

"Hakuna mutu amekufa," aliwajibu mmoja mmoja. "Mutoto wetu amekuwa daktari. Mukuje kula."